Mama Pasta na Watu wa Mataa

Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi wa pili. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika kidogo saa nne, ikarudi na nguvu. Jua halikuonekana kabisa. Kwa mtu kama mimi, anayeishi kwa kuchaji simu za watu na panneau moja ya jua juu ya bati, siku kama hii ni ya kukaa mikono magotini. Wateja wamekuja wakarudi na simu zao. Umeme uliobaki katika batri niliukatalia kila mtu, kwa sababu ni wa Mama Pasta.

Jumatatu mtoto wake anakuja kumchukua, anampeleka Lubumbashi akakae naye. Macho ya Mama Pasta yamekwisha, haoni tena. Leo ndiyo nafasi ya mwisho kumaliza naye Watu wa Mataa, ile filamu ya zamani ya vipande vipande tuliyoiangalia kwake tukiwa watoto, na ambayo mimi na yeye tunairudia tangu Noeli. Kimebaki kipande kimoja, cha mwisho. Mimi nimeshakiangalia peke yangu. Ndipo shida yangu ilipo: hakiishi vile alivyotuambia. Tangu asubuhi najiuliza nitamwambia nini.

Kabla hajafika nimeona niandike juu yake. Sijui kama naweza. Shule niliiacha njiani, na mtu kama yule angestahili kuandikwa na mwenye kalamu nzuri zaidi. Lakini wenye kalamu nzuri hawakukaa kwenye mkeka wake kama mimi, basi.

Kwa asiyeijua ile filamu: ni chombo kinachosafiri katikati ya nyota. Kule juu kuna mataa, kila moja kubwa kama mlima, na vyombo vingine vinayafuata ili visipotee. Mataa yanazeeka, yanazimika. Kazi ya wale watu ni kwenda taa kwa taa na kuyatengeneza. Ndiyo hadithi yote. Vita si vingi. Nafikiri ndiyo maana sisi wa Kamina tuliipenda. Mji wa reli hauhitaji kufundishwa hadithi ya namna ile. Baba zetu walikuwa wanatoka na vyombo vyao kutengeneza njia, wanalala kwenye vituo vya porini, wanarudi na nguo zinazonuka mafuta.

Mkubwa wa chombo, Mama Pasta alimwita Chef. Fundi wao, msichana mwenye nywele fupi, alimwita Yaya. Na yule mtu wa chuma, asiyekula na asiyelala, alimwita Zamu, kama walinzi wa usiku tunavyowaita huku. Majina yao ya kweli nimeyasikia vizuri mwaka huu tu, na mpaka sasa hayaniingii. Kwangu Zamu ni Zamu.

Tele, mashine ya kaseti na katoni ya makaseti viliachwa na misionari mmoja aliyerudi kwao. Pasta hakuvitaka. Mke wake alivitaka. Filamu ilikuwa kwa Kifaransa, cha haraka tena, na sisi kwenye mkeka tulikuwa na Kiswahili na Kiluba tu. Basi akatafsiri.

Hapa nieleze vizuri, kwa sababu sijaona mtu mwingine akifanya vile. Mama Pasta alikuwa mtafsiri wa kanisa. Mhubiri mgeni akija, yeye ndiye aliyesimama pembeni yake, upande wa kushoto, akigeuza neno kwa neno. Na kwa tele alifanya vilevile. Hakukaa. Alisimama kushoto kwa ile tele, mkono mmoja juu yake, kama juu ya bega la mhubiri, akiangalia sisi, na kila mara akipindua shingo kuangalia picha. Chef akisema kwa hasira, naye alisema kwa hasira. Yaya akinong'ona, naye alinong'ona. Wakisema mbio, aliinua mkono kama kwa mhubiri anayesahau kuwa kuna mtafsiri. Tele haikumheshimu. Ndipo alibonyeza, picha ikasimama ikitetemeka, akaigombeza kwa ajili yetu tuliokuwa tunangoja:

"Pole-pole, Papa! Bantu haba bako banangoya."

Chef na Yaya walipokaribiana midomo, alifungua kikwembe chake cha kujifunga mbele ya picha kama pazia, akasema, "Hapa banasalimiana." Walisalimiana sana katika ile filamu.

Nyota zote alizileta karibu, kwenye miji na maziwa ya kwetu. Nyota yenye mashimo ya zamani na watu wachache waliobaki: "Hii ni Luena yao." Nyota ya maji na mitumbwi inayoruka: "Munaona? Kisale." Walipofukua makaburi yenye vyungu na shanga, hakutafsiri kitu. Alisema tu, "Ni kama ba kule Sanga," na sote tulijua makaburi ya kale yaliyofukuliwa kule, tukakaa kama watu walio kwenye matanga.

Pasta mwenyewe alikuwa na mashaka na ile kazi. Siku moja alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Muko munaangalia mashetani hapa?"

"Ni mafundi ba mataa, Papa."

"Mafundi?"

"Eyo. Ukae."

"Apana, minyi niko napita tu."

Alipita vile mpaka muziki wa mwisho. Jumapili iliyofuata alipita tena, na akauliza kama yule wa chuma alitoka salama ndani ya kile kisima.

Sasa nimepamba sana, lazima nipime na upande mwingine. Mama Pasta hakuwa mtu mwepesi. Mtoto aliyeuliza "halafu?" kabla ya wakati alitolewa nje, hata kama mvua inanyesha. Watoto wa Kimethodisti walikaa mbele, sisi Wakatoliki nyuma karibu na mlango. Mama yangu alilalamikia jambo hilo miaka mingi. Ila niseme haki, sisi tulikuwa tunachelewa kwa sababu ya misa, na nafasi za mbele zilikuwa zimejaa. Labda ni yote mawili. Alijivunia Kifaransa chake kupita kiasi. Kwenye matanga nilimsikia akimsahihisha mwanaume aliyekuwa analia. Yule mwanaume aliacha kulia, akarudia neno vile linavyotakiwa, akaendelea kulia.

Na kanisani alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakuongeza neno, hakutoa neno. Mhubiri mmoja alihubiri kwamba wanawake wanyamaze ndani ya kanisa. Mama Pasta alilitafsiri lote, vizuri, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Ibada ilipoisha alishuka, akawaambia wamama, "Hiyo ilikuwa kazi. Kazi imeisha. Tuimbe." Wakaimba mpaka mhubiri akakosa mahali pa kuaga. Yule mwanamke wa kanisani na yule wa pembeni ya tele, mpaka leo sijui niwaweke vipi pamoja. Kwa Mungu hakuongeza kitu. Kwa Chef aliongeza kila alichotaka.

Kuna neno alilolisema mara nyingi, na wote waliokua kwenye mkeka ule wanalo: "Taa haiulize nani anapita." Alituambia ni neno la Chef. Nalisema kwa watoto wangu, nalisema kwa wateja wanaogombana kwenye foleni. Tangu Noeli nimesikiliza vipande vyote kwa makini, na Kifaransa changu kidogo, nikimsubiri Chef alitamke. Hajalitamka. Nilipomuuliza Mama Pasta, alisema, "Alikuwa anataka kulisema."

Jambo lingine nililogundua ni la makaseti. Siku moja katoni ilianguka, makaseti yakachanganyika, na majina yaliyoandikwa juu yake yalikuwa yamefutika. Kuanzia pale tuliangalia lolote lililokuja mkononi. Jumapili moja mzee wa chombo, mwenye ndevu nyeupe, alikufa. Wakamfunga ndani ya kitambaa wakamwachia nyota. Tulilia. Jumapili iliyofuata alikuwa mezani anakunywa kitu cha moto. Mama Pasta alimwangalia, akatuangalia sisi. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele:

"Mama, si alikufa?"

"Alikuwa amezimia tu," alisema. "Balimufwata, bakamurudisha."

Sisi tulikubali. Tangu siku ile tulijua kwamba katika chombo kile hakuna anayepotea kabisa. Anatoka, machozi yanatoka, halafu Jumapili nyingine anarudi kunywa chai. Noeli hii iliyopita, kijana mmoja wa sokoni aliponiwekea vipande vyote kwenye flash, vimepangwa vizuri, niliona kwamba yule mzee alikufa kweli, na ile chai ilikuwa ya zamani. Nilikaa mbele ya tele kama mtu aliyeletewa habari ya matanga yaliyochelewa miaka.

Nairudia filamu, na najua sasa ilivyotengenezwa. Mlima wa taa ni kitambaa kilichopakwa rangi. Katika kipande cha kisima unaona uzi unaoshika chombo. Nilimwambia Mama Pasta. Alikasirika: "Ule uzi ukae nao weye mwenyewe." Lakini muziki wa mwanzo ukilia bado nywele zinanisimama. Tulikuwa tunauimba tukienda kuchota maji, mmoja akipiga bidoni kama ngoma. Tulitengeneza chombo kwa mabati ya mafuta nyuma ya nyumba ya Pasta, na hakuna aliyetaka kuwa Chef. Sote tulitaka kuwa Zamu, kwa sababu Zamu haogopi.

Sasa ile kaseti ya mwisho.

Baba yangu alikuwa wa reli. Mwaka ule alipelekwa Luena kwa kazi ya njia, kwa muda mfupi, walisema. Muda ukarefuka. Watu wazima walijua kabla yetu kwamba kule alikuwa na nyumba nyingine na mwanamke mwingine. Nisimsingizie: alituma samaki na alituma salamu, na waliofanya naye kazi wanasema alikuwa mtu mzuri. Ila hakurudi kukaa. Wakati ule mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kazi ya njia ni ndefu.

Katika kile kipande wanafika kwenye taa ya mwisho kabisa, ya mbali. Ni mbovu sana. Haitengenezeki mara moja na kuachwa, inataka mtu wa kukaa nayo kila siku. Zamu anasema atabaki. Wanaagana. Chombo kinaondoka. Halafu maneno yanaisha, na mpaka mwisho ni muziki tu na picha.

Mimi ile siku nilikuwa nyuma karibu na mlango, na mbele yangu kulikuwa na vichwa na kile kikwembe cha Mama Pasta aliyesogea katikati. Picha ya mwisho sikuiona. Nilisikia sauti yake:

"Chombo kinageuka. Bamesahau kintu? Apana! Banamurudilia Zamu. Bote banarudi nyumbani."

Wale wa mbele hawakupinga. Sijui waliona nini. Mmoja wao nilimuuliza wiki hii, akasema haikumbuki hata filamu yenyewe.

Nilienda nyumbani siku ile nikiwa na uhakika. Na uhakika ule ulidumu. Treni ya Luena ikiingia nilikuwa nakimbilia gare, pale stesheni. Nilikimbia mpaka ndevu zikaanza kuota, nikaona aibu, nikawa natembea. Siwezi kusema ni yeye aliyeniweka pale gare. Mtoto yeyote angemngoja baba. Lakini siwezi kusema pia kwamba maneno yake hayakuwa miguuni mwangu.

Nasikia sauti yake nje. Naacha hapa.

Naendelea jioni. Alikuja ameshikwa mkono na mjukuu wake, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na kabla ya kukaa alimwambia mke wangu kwamba nyumba yetu inanuka vizuri kuliko ya Mmethodisti. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Nilimkalisha karibu na tele. Desturi yetu tangu Noeli ni hii: mimi nasimama upande wa kushoto. Siku ya kwanza nilimwambia Kifaransa changu hakitoshi, akanikata: "Maneno niko nayo. Masikio hayajapofuka. Weye unipe macho."

Kwa hiyo nimekuwa namweleza rangi, sura, nani ameingia, nani amegeuka. Walipokaribiana midomo aliuliza wanafanya nini, nikasema "Banasalimiana, Mama," akacheka mpaka tukamletea maji. Na sasa Zamu alisema kwaheri yake, mlango wa chombo ukajifunga kwa ile sauti yake, na maneno yakaisha. Muziki tu, na mvua juu ya bati. Taa ya batri ilikuwa imeanza kuwaka nyekundu. Ningeweza kusema umeme umekwisha. Nilifikiri hivyo, naandika hivyo.

"Sasa?" aliuliza.

"Chombo kinatoka, Mama."

"Mulango nimeusikia. Sasa?"

"Kinaenda."

Aliinamisha kichwa, sikio kwa tele, kama mtu anayesikiliza treni kwenye reli.

"Kinageuka?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Aliniangalia. Alijua.

"Hakigeuke, Mama," nilisema. "Kinakuwa kidogo. Kidogo tena. Sasa hakiko."

"Na Zamu?"

"Alikuwa ameinua mkono. Ameushusha. Ameingia ndani, anafuta kioo cha taa na kitambaa."

"Analia?"

"Ni chuma, Mama."

"Nimekuuliza: analia?"

"Apana. Anafuta tu. Taa imewaka."

Muziki uliisha. Nilizima tele ili nisimalize batri. Yeye alikuwa ameshika magoti yake.

"Ulikuwa umeshakiona," alisema.

"Ndiyo, Mama. Wiki iliyopita."

"Na uko na mudomo wa kuniambia vile iko. Vizuri."

"Mama, ile siku ulituambia kiligeuka."

"Niliwaambia."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa mutoto mumoja kule nyuma. Haangalie tele. Ananiangalia minyi kwa mudomo."

"Ni nani?"

"Batoto balikuwa mingi." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Weye ulingoya?"

"Nilingoya, Mama. Sana."

"Unanikasirikia?"

Nilitaka kusema hapana haraka, kwa heshima. Lakini nilikuwa nimemwambia ukweli wa Zamu, sikuona namna ya kumdanganya juu yangu. Nikamwambia, "Kidogo. Na tena apana. Nilikuwa nakimbia gare na furaha. Sijui kuipima."

"Hata minyi," alisema. "Musiki ulikuwa unaisha. Mutafsiri hana wakati wa kufikiri, mwanangu. Neno linakuja, unalitoa. Kama ningekuwa na siku moja ya kufikiri, labda ningenyamaza. Labda." Akatafuta mkono wangu hewani, nikampa. "Ungelala, ile siku, kama ningenyamaza?"

"Sijui, Mama."

"Basi tuko babili."

Hakuomba msamaha, na mimi sikumpa. Nafikiri hakuna aliyekosea kwa kufanya hivyo, ila naweza kuwa nimekosea mimi. Aliuliza kama flash inaweza kwenda Lubumbashi. Nilimwambia ni yake. Akauliza nani atampa macho kule. Mjukuu wake akasema, "Minyi, Bibi," na Mama Pasta akamwambia ajifunze kwanza kusimama wima.

Mvua haikuacha, basi wakabaki kula. Mke wangu alisonga bukari ya unga wa mahindi, akapika matembele, na samaki wa Kinkondja wa kukausha, na pilipili. Katika nyumba hii kuna sahani moja inayopakuliwa kila jioni na kufunikwa pembeni. Mama yangu ndiye aliyeanza, kwa ajili ya baba, na mke wangu ameirithi. Anasema ni ya mgeni, na asubuhi watoto wanaila baridi. Leo aliichukua, akaifunua, akaiweka mbele ya Mama Pasta. Aliila yote, akalamba vidole, akashukuru kwa Kiluba, "Wafwako," akaomba tena. Tulimwongezea. Hakukubaki kitu cha kufunika.